Tuliipanda Wenyewe, Tukaing'oa Wenyewe

Ndiyo, tuliing'oa. Naanza na hilo kwa sababu ndilo mnaloniuliza kila ninapopita stendi na sokoni. Juzi hata msibani mtu aliniinamia sikioni, nikadhani ananipa pole, kumbe anauliza: "Chaula, eti kweli mmeng'oa miti ya kanisa?"

Tuling'oa. Ila miti haikuwa ya kanisa. Ilikuwa miche ya paina iliyopandwa kwenye shamba la mama mmoja mjane ili shamba lile lisiwe lake tena, na walioipanda ni sisi. Wanaoisimulia hadithi hii hapa Makambako hawakuwemo kwenye safari. Mimi nilikuwemo, tangu tulipoondoka mpaka tulipofukuzwa, kwa hiyo nisikilizeni mimi.

Kijiji sitakitaja, kiko mbele ya Kifanya, nje ya barabara ya Songea. Mwenyeji wetu nitamwita Mzee Laban, ambalo si jina lake. Mama mwenye shamba nilimuuliza kama nimfiche na yeye. Akasema, "Unifiche nimeiba nini? Andika Mama Oresta. Andika kwa herufi kubwa."

Makambako: gari lilikuwa limefika

Kwa wasionifahamu vizuri, mimi ni fundi viatu, nina miaka arobaini na sita, na ni mlezi wa vijana wa usharika wetu. Nasema ni mlezi, ingawa wapo wanaosema nilikuwa. Nimezaliwa Ipelele kule Makete, nikaishi Tunduma, Songea, Mbeya, na miaka miwili Mbamba Bay nikiuza sabuni kwa watu wanaofulia ziwani. Nikisikia injini inaunguruma asubuhi, mkono wangu unatafuta begi. Vijana waliponiambia wanataka safari ya imani, huduma na haki, sikuuliza inakwenda wapi. Niliuliza inaondoka lini.

Nilikuwa na sababu nyingine pia. Nikiwa na miaka kumi na minane, sisi vijana wa Ipelele tulitembea siku mbili kwenda kusaidia kujenga kanisa la kijiji kingine. Tulibeba mawe kichwani tukiimba, tukala viazi na chumvi, tukarudi na malengelenge. Sijawahi kuwa na furaha kama ile tena, na nilitaka hawa wa leo waionje.

Tulikubaliana kuondoka saa kumi na mbili asubuhi. Saa mbili tulikuwa bado tumesimama nje ya kanisa, watu ishirini na wawili na majembe yetu, upepo wa Makambako ukipenya kwenye koti kama vile halipo. Faraja, mwenyekiti wa vijana, binti mshonaji mwenye maneno machache, alimpigia dereva kwa mara ya tano. Safari hii akapokea.

"Uko wapi?"

"Niko kanisani tangu alfajiri! Nyie ndio mko wapi?"

"Kanisa lipi?"

"La padri."

Alikuwa parokiani kwa Wakatoliki, masista wamemkaribisha chai, ameshafika mkate wa tatu. Alipotufikia hakuomba radhi. "Niliona hamji," alisema, "nikasema Walutheri ndivyo walivyo, wanaamka polepole." Tukapanda. Sote tulivaa fulana za kijani zilizochapishwa mgongoni maneno matatu kwa herufi nyeupe: IMANI, HUDUMA, HAKI. Faraja ndiye aliyezipeleka kuchapishwa, na tulijiona tumependeza.

Kabla ya Mtwango: rejeta na kande

Kosta ile, basi letu dogo, ilikuwa na umri mkubwa kuliko baadhi ya abiria wake. Kabla hatujafika Mtwango rejeta ilichemka, mvuke ukajaa mbele, dereva akasimamisha na kutangaza kwamba gari linapumzika. Lilipumzika saa mbili na nusu.

Pembeni palikuwa na nyumba, na mama wa nyumba alitoka kutazama kundi la watu wa kijani lililomwagika kwenye ua wake. Ezekia, kijana wetu wa bodaboda ambaye hana aibu hata kidogo, alikwenda kuomba maji ya rejeta. Akarudi na ndoo ya maji, na mama akamfuata nyuma na sufuria ya kande, mahindi na maharage yaliyolala motoni tangu jana.

"Kamwene!" akatusalimu.

"Kamwene!" tukaitikia.

"Nasikia mna Mkinga humu."

Vijana wote walininyooshea kidole, hakuna aliyesita.

"Basi hawa wengine ni wanangu, waache wale," akasema yule mama. "Wewe Mkinga utaosha sufuria. Tusipokupa kazi utatuuzia hata jiwe la kwetu wenyewe."

Niliosha. Ndivyo Wabena na sisi Wakinga tunavyoishi, kwa utani, na kande ile ingestahili hata kuosha nyumba nzima. Alipotuaga aliuliza tunakwenda kufanya nini. Faraja akasema tunakwenda kutumika. Mama akaitazama Kosta na kusema, "Mungu awafikishe, maana hili gari halina nia hiyo."

Njombe mjini: tunafanywa vibarua

Njombe ilitupokea na ukungu saa saba mchana. Tulishuka kununua sukari, sabuni na mchele, maana tulipanga kuwatembelea wajane wa kijijini. Nikawaambia vijana wasitawanyike. Wakatawanyika.

Nilipotoka dukani wanne hawapo, akiwemo Ezekia. Tulizunguka soko zima, tukauliza wauza parachichi, tukauliza madereva wa bodaboda. Muuza viazi mmoja akasema, "Wale wa kijani? Wamepanda Fuso la mbao, limeshaondoka."

Faraja akapiga simu. Kumbe tajiri mmoja wa mbao alikuwa anasubiri vibarua. Akawaona vijana wanne, mabuti miguuni na majembe begani, akawaambia, "Mmechelewa, pandeni haraka." Wao wakadhani ni gari lililotumwa na mwenyeji wetu, wakapanda na kumshukuru. Walikuwa wameshatoka nje ya mji, wamekalia magome, wanaimba.

"Na yeye hakuwauliza chochote?" nikamuuliza Ezekia aliporudi kwa miguu, mabega yamejaa vumbi la mbao.

"Aliuliza kama tuna nguvu. Nikasema tunazo katika Bwana. Akasema hizo zitafaa."

Tulicheka mpaka dereva akapiga honi.

Kifanya na mbele yake: matope

Ukitoka Njombe kuelekea Songea, miti inakusindikiza pande zote mbili, paina na milingoti, vilima kwa vilima. Nilipokuwa mdogo vilima vingi vya kwetu vilikuwa vya nyasi na ngano, mtu unaona ng'ombe wa jirani kutoka ng'ambo ya bonde. Siku hizi unaona miti. Siilaumu, imesomesha watoto wengi, imeezeka nyumba nyingi bati. Lakini kuna jambo kila mtu wa nyanda hizi analijua, na mimi nalijua tangu utoto: kwetu mtu akitaka kuonyesha shamba ni lake haweki uzio. Anapanda mti. Mche ukishashika, mwenye neno ajiandae kwa miaka ya maneno. Nililijua hilo nikiwa nimekaa kiti cha mbele nikitazama ile miti. Ndiyo maana kwa yaliyofuata sina pa kujificha.

Baada ya kuacha lami tulisukuma gari mara tatu. Tulifika jioni, matope mpaka magotini, na Mzee Laban alikuwa amesimama barabarani na mwavuli kutungoja.

Niseme ukweli wake wote. Yeye ni mzee wa kanisa, anatoa sana, anasali vizuri. Alituchinjia kuku wanne. Alitupa njegere za kukaanga, ugali mweupe uliosongwa ukasongeka, na moto mkubwa wa kukaushia nguo. Wavulana walilala kanisani, wasichana nyumbani kwake kwenye magodoro. Mke wake aliwafulia soksi. Ningekuwa nasimulia habari za usiku ule tu, ningesema tumepata baba.

Siku ya kupanda

Asubuhi alitupeleka shambani, kipande kizuri kinachoteremka taratibu kuelekea kijito. Miche ilikuwa imeshaletwa kwenye viriba vya plastiki, imepangwa vizuri kwenye kivuli cha majani.

"Shamba hili," alisema, "nimelitoa kwa kazi ya Mungu. Miti hii ikikomaa itajenga nyumba ya mwinjilisti. Na nyie wanangu mtasema, sisi ndio tuliopanda."

Tukapiga makofi. Tukavuta kamba, tukagawana kila mtu mstari wake, hatua tatu kutoka shimo hadi shimo. Unachana kiriba, unauweka mche na udongo wake, unakandamiza kwa kisigino. Vijana waliimba sauti nne. Mvua nyepesi ikanyesha na hakuna aliyekimbia. Niliikumbuka ile safari ya mawe, na nusura nilie kwa furaha.

Ila mguu wangu ulijua kitu kabla ya kichwa. Chini ya nyasi nilikuwa nakanyaga matuta. Mkulima hahitaji kuambiwa, tuta unalisikia kwenye unyayo. Nikamuuliza mzee kama hapa palilimwa.

"Zamani sana," alisema.

Baadaye kidogo Ezekia alichimba shimo akatoa kiazi, kimechipua, kizima kabisa. Akakiinua juu. "Mlezi! Paina imezaa viazi!"

Watu walianguka kwa kicheko, na mimi nilicheka. Kiazi cha zamani sana hakiwezi kuchipua, nililijua hilo, na nikacheka. Mpaka leo ndicho kicheko kinachoniuma.

Saa nane hivi mama mmoja alitokea juu ya tuta la barabara, ameegemea fimbo. Alisimama anatazama. Faraja akamwita, "Kamwene, mama!" Hakujibu. Akarudia kwa sauti kubwa zaidi. Hakujibu. Kwenye nchi hii mtu anaweza kukunyima maji akakupa salamu. Kunyimwa salamu ni kitu kingine. Mzee Laban alisema, "Huyo msimjali, ana matatizo yake." Tukaendelea na mistari yetu mpaka jioni.

Sabuni ya Mama Oresta

Kesho yake Mzee Laban alikwenda Njombe na gari la viazi, akatuachia orodha ya wajane sita wa kutembelea. Tulitembea wawili wawili. Mimi na Faraja tulimaliza wetu mapema, na vikabaki kipande cha sabuni na sukari kidogo.

"Yule mama wa fimbo," Faraja alisema. "Ana mguu mbovu. Twende."

"Hayumo kwenye orodha."

"Ndiyo maana nasema twende."

Tulimkuta ameketi mlangoni anachambua mbegu za viazi kwenye ungo. Faraja akasema, "Bwana Yesu asifiwe." Yeye akajibu, "Milele amina," kwa namna ya kutukumbusha kwamba yeye ni Mkatoliki na hatambui salamu za wageni. Faraja akampa sabuni kwa mikono miwili. Mama hakuipokea.

"Sabuni ya nini? Ya kuoshea mikono mliyopandia?"

Hatukuelewa. Au Faraja hakuelewa. Mimi nilianza kuelewa, na masikio yakawa ya moto.

"Geuka," alimwambia Faraja. Faraja akageuka. Mama akasoma fulana polepole, neno kwa neno. "Mmeandika haki mgongoni. Ili msiione wenyewe?"

Kisha akatuambia tukae. Alisimulia bila kulia, mikono ikiendelea na mbegu. Shamba lile alilima yeye na mumewe tangu walipooana. Mume alipofariki, shemeji yake alidai ni la ukoo, akampa Mzee Laban. Mama alikwenda baraza la ardhi la kijiji. Baraza likasema shauri lisikilizwe, na mpaka lisikilizwe mtu yeyote asiguse. Hapo katikati alianguka na kuvunjika mguu, akakosa msimu mmoja. Msimu mmoja tu.

"Baraza linakuja kukagua mwezi ujao," alisema. "Watasimama pale watauliza, shambani kuna nini? Kuna miti. Ya nani? Ya kanisa. Nani ataing'oa? Mimi? Mimi mwanamke wa Kikatoliki ning'oe miti ya kanisa la Walutheri? Wataniambia nimepiga vita dini. Jirani akinisaidia, naye hivyo hivyo. Laban angepanda yeye mwenyewe, ningemng'olea mchana kweupe anaona. Akili yake ndiyo hiyo. Alitafuta watoto wanaoimba."

Faraja alikuwa bado ameishika sabuni. "Mama, kwa nini jana hukutuambia?"

"Niliwaona mnavyofurahi, mwanangu. Ningeanzia wapi?"

Nikamwambia mimi ni mtu wa Ipelele, najua mti shambani maana yake nini, nilipaswa kuuliza. Akanitazama kwa mara ya kwanza. "Basi wewe, mdogo wangu," akasema, "wewe ndiye mbaya kuliko wote." Sikubisha.

Kanisani: kila mtu na mstari wake

Alasiri tuliwakusanya wote kanisani. Kabla ya hapo tulikuwa tumekwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, akathibitisha mambo ya baraza huku akitazama mlango, kisha akasema yeye hajasema. Mwinjilisti wa kijiji, ambaye nyumba yake ndiyo iliyokuwa inatajwa, alikaa kwenye benchi la nyuma na kushika kichwa. "Mimi naishi hapa," alisema. "Nyie mtaondoka." Sikumlaumu.

Vijana waligawanyika mara moja.

"Tumekuja kutumika," alisema Ezekia, "hatukuja kugombana. Tumekula kuku wa mzee. Leo tumng'olee miti?"

"Kuku alitupa yeye," Faraja alijibu. "Shamba alitupa la nani?"

"Mambo ya ardhi yana wenyewe."

"Yalikuwa na wenyewe jana tulipopanda?"

"Mwenyekiti, wewe unajua kushona, hujui siasa za vijijini."

"Nikishona nguo vibaya, Ezekia, naifumua. Simwambii mteja asubiri baraza."

Wengine waliguna, wengine wakacheka. Kijana mmoja alipendekeza tumpigie mchungaji kwanza. Nilijua mchungaji atasema nini, atasema tumsubiri Mzee Laban tuzungumze kindugu, na tutazungumza kindugu mpaka siku ya kuondoka, miche ikishika mizizi. Nikasema hapana. Nimelaumiwa sana kwa hapana ile. Nairudia hapa mbele yenu: hapana. Simu hatukuhitaji tulipopanda.

Hatukupiga kura. Faraja alisema jambo moja tu. "Kila mtu alipanda mstari wake. Kesho kila mtu aulize mstari wake, sio mimi."

Siku ya kung'oa

Saa moja asubuhi tulikuwa shambani kumi na tisa. Ezekia na wenzake wawili walikaa juu ya tuta la barabara, wameweka mikono mifukoni.

Kung'oa mche wa siku mbili ni kazi ya upole kuliko kuupanda. Unaingiza jembe pembeni, unainua na bonge lake la udongo, unalilaza kwenye mfuko wa mbolea uliochanwa. Tulisema hakuna mche utakaokufa mikononi mwetu, kwa sababu mche haukukosa. Tuliibeba kwa mabeseni mpaka nyumbani kwa Mzee Laban, tukaipanga kwenye kivuli kile kile cha majani, tukainyweshea. Mke wake alitoka akasimama anatazama, kisha akaleta ndoo ya pili ya maji. Sijui alikuwa upande gani. Alileta maji.

Hakuna aliyeimba. Mama Oresta alishuka na fimbo yake na ungo wa mbegu. Wasichana walipoanza kutia viazi kwenye mashimo ya paina akawakemea, "Hatua tatu? Viazi vitaitana kwa simu?" Akawaonyesha upya matuta yake yalikuwa wapi. Tukayainua.

Mzee Laban alirudi saa sita, mapema kuliko tulivyotegemea. Alisimama kwenye tuta la barabara karibu na Ezekia, viatu safi, koti la kanisani. Hakupiga kelele. Ingekuwa rahisi kama angepiga kelele.

"Wanangu," alisema. "Niliwakosea nini?"

Faraja akafuta mikono kwenye sketi, akapanda kumkaribia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mnajua mnang'oa miti ya nani?"

"Tunajua nani aliipanda."

"Ni miti ya kanisa."

"Basi baba, mwambie mchungaji aje na karatasi inayosema shamba hili ni la kanisa. Akija nayo, tutairudisha wenyewe, mche mmoja mmoja, na tutaimba."

Mzee akageuka kwa wale watatu waliokuwa wamekaa. "Angalau nyie mna akili," alisema. "Nyie ndio Wakristo." Akamwekea Ezekia mkono begani.

Ezekia aliutazama ule mkono. Kisha akasimama. "Mzee, naomba usinisifu," alisema. Akateremka mpaka kwenye mstari wake, akaomba jembe.

Hapo ndipo Mzee Laban alipompigia mchungaji wetu, akaweka sauti kubwa ili sote tusikie. Mchungaji alikuwa amekasirika mpaka simu inakoroma. Alisema tumeliaibisha kanisa, tumemdhalilisha mzee aliyetulisha. Akauliza mlezi yuko wapi. Nikasema niko hapa.

"Chaula, wewe ni mtu mzima. Rudisheni hiyo miche sasa hivi, hayo mengine tutazungumza mkija."

Vijana wote walinitazama. Nimefanya kazi kwa watu wengi, nimeitika ndiyo bwana kwenye miji mitano. Nilijua maana ya kukataa mbele ya watoto niliokabidhiwa.

"Mchungaji, nakuheshimu," nilisema. "Haitarudi."

"Unasemaje?"

"Haitarudi. Shamba si letu."

Akakata. Mzee Laban akaweka simu mfukoni, akatuambia tutoe mabegi yetu nyumbani kwake. Aliyasema kwa upole ule ule wa kuku na mwavuli.

Mistari miwili ilibaki imesimama, ya wale wenzake Ezekia, ambao hawakushuka kamwe. Nilitaka kuing'oa mimi. Mama Oresta akanizuia kwa fimbo. "Hiyo iacheni. Baraza wakija waone mwanzo na mwisho wake."

Kurudi

Kosta ilikuwa ije baada ya siku mbili. Tulitembea na mizigo mpaka barabara kuu, mvua ikitunyeshea mfululizo, na hatukuwa tumekula. Mama Oresta alikuwa ametuchemshia viazi vyote vilivyobaki kwenye mbegu, vile vidogo visivyofaa kupandwa, akavitia kwenye mfuko pamoja na chumvi iliyokunjwa kwenye karatasi. Tulivila tukitembea, tunamenya kwa kucha. Ezekia alitembea peke yake mbele. Mwisho akapunguza hatua, nikamfikia.

"Mlezi," alisema, "nyumbani watatutoa kwaya."

"Watatutoa."

"Na wewe?"

"Mimi watanitoa kwanza."

"Mimi sauti yangu si nzuri sana hata hivyo," alisema. Na huo ni ukweli.

Tulipata magari tofauti tofauti. Wengine walifika Njombe na basi la Songea, wengine juu ya makreti ya parachichi, na sote tulionana Makambako kesho yake mchana. Hakuna aliyetupokea.

Yaliyofuata mnayajua nusu. Kwaya ya vijana imesimamishwa. Mimi nimeandikiwa barua kwamba si mlezi mpaka nitakapojirekebisha. Wazazi wawili wamekuja kibandani kwangu kunitukana, na mmoja amekuja kunipa mkono, akaangalia nyuma kwanza kama kuna anayemwona.

Nusu msiyoijua ni hii. Baraza la kijiji limeshakwenda shambani. Mama Oresta alinipigia jioni ile ile, anapiga kelele kana kwamba simu ni bonde la kuvuka. Walisimama pale wakauliza shambani kuna nini. Akawaambia, viazi, vimeshaota majani. Vya nani? Vyangu. Na hii mistari miwili? Akawaambia waulize Makambako. Shauri bado halijakatwa, na shemeji bado anadai. Lakini wamemwambia avune alichopanda, na mtu yeyote asipande kingine juu yake. Faraja na mimi tumeitwa kutoa ushahidi. Tutakwenda, nauli tukikosa tutakwenda kwa miguu, na mnajua mimi kwenda hakunisumbui.

Jumapili hii wazee wa usharika wamenitaka nisimame mbele ya kanisa niombe msamaha. Wengi wenu mmenishauri nisiende, wachache mmenishauri niseme neno moja nikae mambo yaishe. Nitakwenda, nitavaa fulana ya kijani, na nitaomba msamaha kweli, kwa sauti, bila kuinamisha kichwa. Nitaomba msamaha kwa kila mche nilioupanda bila kuuliza shamba ni la nani. Kwa ile niliyoing'oa siombi, wakae wasubiri mpaka ibada iishe na kanisa lifungwe.